Kukata si Kupasua: Neno "Ntuiko" na Tafsiri Zake katika Historia ya Meru na Embu

1.0 Utangulizi

Wameru huliita tukio hili ntuiko. Waembu na majirani zao Wambeere huliita nduiko, na Wagikuyu huliita ituĩka. Ni sherehe ambayo kwayo kizazi kimoja cha watu wazima kiliondoka katika uongozi wa nchi na kizazi kilichofuata kikaingia. Mtu anayetaka kulitaja tukio hili kwa Kiswahili ana maneno matatu yaliyo karibu na mkono wake: anaweza kuliita mapinduzi, anaweza kuliita mgawanyiko, au anaweza kuliita makabidhiano ya madaraka. Kila neno kati ya hayo lina sehemu ya ukweli, lakini kila moja linaandika historia tofauti. Mapinduzi hutaka adui. Mgawanyiko hutaka watu waliofarakana. Makabidhiano hayataki chochote ila mikono miwili na karatasi ya kutia sahihi.

Makala haya yanakusudia kuchunguza maana ya neno ntuiko na matumizi yake katika historia ya Meru na Embu, na kuonyesha kwamba kulitafsiri si suala la msamiati peke yake. Jamii hizi zilijigawa katika nusu mbili kwa makusudi, na zikaishi hivyo kwa vizazi vingi bila kuvunjika. Mwanahistoria asipokuwa na neno la kutofautisha mkato wa namna hiyo na mpasuko, atasoma kila mstari uliochorwa katikati ya watu kuwa ni dalili ya ugomvi. Hoja yetu ni kwamba Kiswahili kinazo zana za kufanya tofauti hiyo, ila hatuzitumii.

2.0 Vitenzi Vinne vya Kiswahili

Kabla ya kuligeukia neno lenyewe, inafaa tuvipime vitenzi ambavyo Kiswahili hutumia pale kitu kimoja kinapokuwa viwili. Tutavitazama vinne tu: pasua, chanja, kata na gawa.

Kupasua ni kuipitisha nguvu ndani ya kitu hadi kiachane na nafsi yake. Mbao hupasuliwa, nguo hupasuka, na ardhi ya kiangazi hupasuka yenyewe pasipo mkono wa mtu. Kilichopasuka hubaki na kingo zisizonyooka, na mwenye kukitazama huona jeraha. Ni kweli kwamba daktari humpasua mgonjwa ili ampe uzima, lakini hata hapo tunajua kwamba kazi haijaisha mpaka mshono ufungwe. Mpasuko hudai kushonwa.

Kuchanja ni kitenzi cha shoka na cha wembe. Kuni huchanjwa kwa kufuata nyuzi za mti. Vilevile ngozi ya mtu huchanjwa chale, na watu wawili wasio wa tumbo moja waliweza kuchanjiana wakawa ndugu. Katika undugu wa kuchanjiana mkato ndio uliozaa ujamaa, na tutaona baadaye kwamba jambo hili si geni kwa Wameru.

Kukata huenda kinyume cha urefu wa kitu. Kamba, njia, safari na usingizi hukatwa. Kila kimoja kilikuwa kikiendelea na sasa hakiendelei. Lakini Kiswahili hakikuishia hapo. Mtu hukata shauri, hakimu hukata hukumu, maji hukata kiu. Katika matumizi haya kukata ni kuyafikisha mambo mwisho wake, ili jambo jingine lianze. Asiyeweza kukata shauri amekwama mahali alipo. Aliyekata shauri anaondoka.

Kugawa hutofautiana na vyote vitatu kwa sababu humtaka mpokeaji. Twaweza kupasua ukuni bila kumfikiria mtu yeyote, lakini tukigawa, tunamgawia fulani, naye hupata fungu lake. Pindi kitenzi kinapochukua umbo la gawanyika, mtoaji na mpokeaji hupotea wote, na kinachosalia ni kundi la watu lisilokuwa tena na umoja. Ndiyo maana twaweza kusema "baba aligawa mali" kwa utulivu, tukasema "familia iligawanyika" kwa masikitiko.

3.0 Maji ya Mbwaa

Simulizi kuu ya Wameru juu ya asili yao huanza na tendo la kutenga viwili. Inasimuliwa kwamba mababu waliishi mahali paitwapo Mbwaa, kando ya maji makubwa, chini ya watu waliojulikana kama Nguo Ntune, yaani watu wa nguo nyekundu. Hao waliwapa kazi zisizowezekana, mathalani kutengeneza kiatu chenye manyoya pande zote mbili. Hatimaye watu walitoroka usiku wakiongozwa na Koomenjwe. Walipofika penye maji, Koomenjwe aliyapiga kwa fimbo yake, yakaachana, watu wakapita. Waliovuka usiku wakawa Njiru, yaani weusi; waliovuka alfajiri wakawa Ndune, yaani wekundu; na waliovuka kulipokucha wakawa Njeru, yaani weupe. Koo za Wameru bado hujitambulisha kwa rangi hizo tatu. Bernardo Bernardi, aliyekuwa mmisionari wa Consolata, aliizingatia simulizi hii katika kitabu chake juu ya Mugwe kilichotoka mwaka 1959.

Mhakiki anayeisimulia upya habari hii kwa Kiswahili huvutwa mara moja kusema kwamba maji "yaligawanyika". Kitenzi hicho hakikuja bure. Ndicho kilichotumiwa katika Biblia ya Kiswahili, katika Kitabu cha Kutoka, kuhusu bahari iliyowapisha Waisraeli. Kwa kuchagua neno moja tu, msimulizi amekwisha kumfanya Koomenjwe kuwa Musa na Nguo Ntune kuwa Wamisri. Ikumbukwe kwamba wamisionari walianza kazi Meru katika mwongo wa pili wa karne ya ishirini, na kwamba simulizi nyingi ziliandikwa baada ya hapo. Swali la nani alimwazima nani ni zito, na halijibiwi kwa kitenzi kilichoteuliwa kwa mazoea.

Jeffrey Fadiman, mwanahistoria aliyekusanya masimulizi ya Wameru kwa muda mrefu, anaiweka Mbwaa katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, na kuhama kwao anakuweka takribani mwaka 1700. Tukikubali dhana hiyo hata kwa muda, Kiswahili cha pwani hutupa neno jingine kabisa. Kati ya Manda na bara kuna mkondo mwembamba uitwao Mkanda, ambamo vyombo husubiri maji yajae ndipo vipite. Mtu wa Lamu akiuona mkondo huo umekauka hatasema kwamba bahari imepasuka wala imegawanyika. Atasema maji yamekupwa. Na ikiwa ni siku za bamvua, atajua yamekupwa sana na yatajaa sana. Yaani, tukio ambalo huku milimani limekuwa muujiza wa fimbo, kwa watu wa pwani lina jina la kila siku.

Hatusemi kwamba neno la pwani ndilo la kweli na simulizi ya Meru ni ya uongo. Tunachosema ni kwamba maneno haya mawili, gawanyika na kupwa, yana mtazamo tofauti juu ya wakati. Maji yanayokupwa yana zamu yake: yatarudi. Na tukiitazama simulizi kwa makini, tutaona kwamba hata watu wenyewe walitengwa kwa zamu. Weusi, wekundu na weupe hawakutenganishwa na damu, wala nchi, wala ugomvi. Walitenganishwa na saa ya kuvuka. Wote walipita njia moja, wakafika ng'ambo moja. Hii ndiyo fikra tutakayoikuta tena katika ntuiko.

4.0 Ntuiko: Kukatika na Kuwa

Nomino ntuiko inatokana na kitenzi tuika, ambacho maana yake ya msingi ni kukatika, kama kamba inavyokatika. Katika Kigikuyu, lugha iliyo jirani ya karibu, kitenzi mzazi tua hutumika pia kwa mashauri: wazee husikiliza kesi, kisha "huitua", kama vile Mswahili anavyosema kukata hukumu. Zaidi ya hayo, tuĩka ya Kigikuyu ina maana nyingine iliyo maarufu hata kuliko ile ya kukatika, nayo ni "kuwa" au "kugeuka kuwa". Kijana akiwa mzee wa baraza, au mbegu ikiwa mti, kitenzi ni hicho hicho. Katika lugha hizi za mlimani, basi, kukatika na kuwa ni mambo yanayosemwa kwa umbo moja la sauti. Kitu hakiwi kingine mpaka kile kilichokuwa kikatike.

Mfumo uliobeba neno hili ulikuwa wa nusu mbili. Kwa Wameru, marika ya wanaume yalipangwa katika pande mbili, Kiruka na Ntiba, rika moja upande huu na linalofuata upande ule. Kwa Waembu na Wambeere, pande hizo ziliitwa Nyangi na Thathi. Satish Saberwal aliandika juu ya mfumo wa Waembu mwaka 1970, na Jack Glazier akaandika juu ya Wambeere mwaka 1976. H. S. K. Mwaniki naye alikusanya na kuchapisha masimulizi ya wazee wa Embu na Mbeere katika miaka ya 1970.

Jambo la kuzingatia ni kwamba pande hizi hazikuwa mahali. Hapakuwa na mto ambao Nyangi walikaa ng'ambo yake ya kulia na Thathi ya kushoto. Mwanamume wa upande mmoja alikaa katika ukoo mmoja, pengine katika boma moja, na mwenzake wa upande wa pili. Mstari uliowatenga haukupita juu ya ardhi. Ulipita katika wakati. Ilikuwa kama mwaka wa mkulima wa miteremko hii, mwenye misimu miwili ya mvua: ile ya Machi hadi Mei na ile ya Oktoba hadi Desemba. Hakuna anayesema kwamba msimu mmoja umepasuka kutoka kwa mwingine. Ntuiko lilikuwa ni tendo la kukiri kwamba msimu mmoja umekwisha.

Tusiipambe historia, hata hivyo. Pande hizi zilishindana, na walioshika madaraka hawakuwa wepesi kuyaachia. Waliotaka kuingia walitakiwa kulipa kwa mifugo na kwa pombe, na wazee walijua namna ya kuifanya zamu yao iwe ndefu. Wanawake hawakuwa na kiti chao katika mabadilishano hayo ya utawala, ingawa kazi yao ndiyo iliyolisha sherehe. Ntuiko halikuwa paradiso. Lilikuwa ni kanuni, na thamani ya kanuni huonekana hasa pale watu wanapotamani kuivunja.

Hapo ndipo tunaweza kuzipima zile tafsiri tatu. Mapinduzi, kutokana na pindua, ni neno la chombo kilichobiduka: chini hugeuka juu, na waliomo humwagika. Jomo Kenyatta alipoeleza itwika katika kitabu chake cha mwaka 1938, aliifungamanisha na masimulizi ya uasi dhidi ya mtawala dhalimu wa kale, na msomaji wake anaweza kulichukulia tukio zima kuwa mapinduzi. Huenda asili ilikuwa hivyo, lakini tendo linalorudiwa kila baada ya kizazi kwa ada na kwa ridhaa si kubiduka tena. Mgawanyiko nao haufai, kwa sababu pande mbili zilikuwapo kabla ya ntuiko na zikaendelea kuwapo baada yake. Ama makabidhiano ni neno safi mno; halina makali. Linaficha ukweli kwamba kuna kitu kilichokatwa, na kwamba waliokatwa walihisi.

5.0 Mistari ya Serikali

Mwaka 1906 kikosi cha Waingereza kilivamia Embu, na mwaka 1908 E. B. Horne, ambaye wenyeji walimwita Kangangi, aliweka kituo cha serikali Meru. Tangu hapo mkato mwingine ulianza, ambao ulipita juu ya ardhi. Utawala wa kikoloni ulihitaji mipaka, machifu na ramani. Zamu za vizazi hazikuwa na nafasi katika ofisi ambayo chifu aliteuliwa na kufukuzwa na mkuu wa wilaya.

Baadhi ya maofisa walijaribu kuelewa. H. E. Lambert, ambaye wasomaji wa Kiswahili humjua kwa tafiti zake juu ya lahaja za Kivumba, Chichifundi na Chijomvu, alikuwa mkuu wa wilaya huko Meru kabla ya kuwa mtaalamu wa lahaja, na alilitambua baraza la Njuri Ncheke kuwa chombo cha uongozi. Ni jambo la kutafakarisha kwamba mtu yule yule aliyesikiliza wazee wa Meru wakikata mashauri ndiye aliyekwenda baadaye kusikiliza namna watu wa Vumba na Jomvu wanavyokata maneno yao.

Baada ya uhuru mistari iliongezeka. Meru na Embu, zilizokuwa katika Mkoa wa Kati, ziliingizwa mwaka 1963 katika Mkoa wa Mashariki ulioundwa upya, na makao yake yakawa Embu. Mwaka 1992 Tharaka-Nithi ilitolewa katika Wilaya ya Meru. Mwaka 1996 Mbeere ilitolewa katika Wilaya ya Embu. Mwaka 1998 Tharaka na Nithi zenyewe zilitenganishwa. Kisha Katiba ya mwaka 2010 ikaja na kaunti 47, ikairudisha Mbeere ndani ya Embu, na ikaiunganisha tena Tharaka na Nithi. Leo Meru ni kaunti ya 12, Tharaka-Nithi ya 13, na Embu ya 14.

Mhakiki wa fasihi ana la kusema hapa, kwa kuwa historia hii imeandikwa katika alama za uandishi. Jina "Tharaka-Nithi" lina kistari katikati. Kistari ni alama yenye tabia mbili: huunganisha maneno na papo hapo huonyesha kwamba ni mawili. Mwaka 1992 kilikuwa kiungo, mwaka 1998 kikawa makasi, na mwaka 2010 kikawa kiungo tena. Katika kaunti hiyo hiyo kuna jimbo la uchaguzi liitwalo Chuka/Igambang'ombe, ambalo badala ya kistari limewekewa mkwaju. Tofauti ni kwamba mistari hii haina zamu. Ntuiko lilikuwa na siku yake, ikajulikana na wote, na waliotoka walijua kwamba wajukuu wa utaratibu ule ule wataingia. Mstari wa wilaya huchorwa mara moja, na aliyebaki upande usio na makao makuu hujiona amekatwa pasipo kukatiwa kitu.

Kiswahili cha mitaani kinaihifadhi tofauti hii vizuri. Mzee wa Meru au Embu akimpa mwanawe sehemu ya ardhi, watu husema amemkatia shamba. Katika kauli hiyo ya kutendea kata amepata mpokeaji, na mkato umekuwa zawadi. Ardhi ikipimwa na koo zikashindana mahakamani, kama Glazier alivyoonyesha kuhusu Mbeere katika kitabu chake cha mwaka 1985, watu hawasemi wamekatiwa, wanasema wamenyang'anywa. Kiambishi kidogo cha -i- ndicho kinachobeba haki yote.

Wameru nao walikuwa na njia ya kuushinda mstari. Waliita gichiaro, neno linalotokana na kuzaa, mapatano yaliyoufanya ukoo mmoja na mwingine, au watu wa nchi moja na wa nchi nyingine, kuwa ndugu wasioweza kudhuriana. Hapa twakumbuka kitenzi chetu cha pili. Undugu wa kuchanjiana wa Waswahili na gichiaro cha Wameru vyote viwili vinakiri jambo moja: kwamba utengano hauondolewi kwa kujifanya haupo, bali kwa kuupa ada.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba ntuiko si kupasuka, si kugawanyika, wala si kukabidhiana tu. Ni kukatika kunakomwezesha anayefuata kuwa. Kwa maoni yetu, mwandishi wa Kiswahili angefanya vyema kulitumia neno lenyewe, ntuiko au nduiko, kama tunavyotumia maneno mengi yaliyotoka katika lugha za Kibantu za bara, na pale anapolazimika kulieleza aseme ni "kukatika kwa zamu". Lugha inayokua haitafuti daima neno lililo tayari, hutengeneza nafasi.

Nafasi hiyo, kwa hakika, ipo tayari katika ushairi wetu. Mshororo wa shairi la kimapokeo una mizani kumi na sita, nao hukatwa katikati: nane za ukwapi na nane za utao. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huuona mkato huo kuwa kizuizi. Baadaye hutambua kwamba bila mkato kusingekuwa na kina cha kati, na bila kina cha kati nusu mbili zisingeitikiana. Mshororo uliokatwa haukuvunjika. Umepata sauti mbili. Hata Kithaka wa Mberia, mshairi aliyezaliwa Tharaka na aliyeuchagua ushairi huru tangu diwani yake ya Mchezo wa Karata (1997), hakuacha kukata mistari. Alichoacha ni kukata mahali pale pale.

Bernardi alipokitoa upya kitabu chake mwaka 1989, Mugwe aliyekuwa ameitwa nabii anayefifia katika anwani ya kwanza aliitwa nabii anayebariki. Mugwe alikuwa yule yule, na nchi ilikuwa ile ile. Lililobadilika ni neno, na pamoja nalo namna ya kuwatazama watu waliomwamini. Kwa hiyo mtafiti atakayekwenda Meru au Embu na daftari lake, akaambiwa kwamba watu wa huko walikuwa nusu mbili, asiandike haraka kwamba walikuwa wamepasuka. Aulize kwanza ni zamu ya nani.